Damu inasema una miaka mingapi? Na kwanini siku mbili baada ya jimu inasema unaumwa ini

Shemeji yangu alianza jimu mwaka jana, na kama wanaume wengi wanaokumbuka mazoezi wakiwa wameshapita arobaini, hakuanza polepole. Siku ya kwanza tu kachuchumaa na vyuma mpaka kushuka ngazi ikawa mtihani. Siku ya tatu alikuwa na miadi ya vipimo vya bima, akaenda hivyohivyo anachechemea. Majibu yakatoka, vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazoharakisha kazi za kemikali ndani ya seli, viko juu, karibu mara tatu ya kiwango. Aliyempa majibu akamuuliza, kwa ile sauti ya upole inayotisha, huwa anakunywa pombe kiasi gani kwa siku. Shemeji hanywi kabisa. Dada yangu ndo akaanza kuwa na maswali.

Kipindi hichohicho mtandaoni kila ukifungua simu unakutana na mtu kapost majibu ya "umri wa kibaolojia", nina miaka 47 lakini damu yangu inasema 38, alafu chini watu wanagombana, hawa wanasema utapeli hawa wanauliza inapimwa wapi. Ukiangalia haraka hizi habari mbili hazihusiani, moja ni ya ini na nyingine ya ujana. Mi naona kosa ni lilelile, mtu anachukua namba ya saa moja ya siku moja anaigeuza kuwa hukumu.

Tuanze na maneno. Kiashiria, kwa lugha ya vipimo, ni kitu kinachopimika ambacho kinakupa habari za kitu kingine usichoweza kukiona moja kwa moja. Tishu ni mkusanyiko wa seli zinazofanya kazi moja, misuli ni tishu, ngozi ni tishu, mafuta ya mwilini pia. Na damu? Ichukulie damu kama mtaro unaopita nyuma ya nyumba zote za mtaa. Ukichota maji ya mtaroni ukakuta povu la sabuni, umejua kuna mtu anafua. Nyumba gani, hujui. Anafua kwasababu ni msafi au kwasababu kuna mtoto mgonjwa ndani, hujui pia. Ukitaka uhakika inabidi uingie ndani ya nyumba, yaani uchukue kipande cha tishu chenyewe, na hilo linauma, ndo maana karibu kila mtu anapimwa mtaro.

Sasa turudi kwa shemeji. Ndani ya seli za misuli kuna kimeng'enya kinachosaidia kutoa nishati ya haraka, kwenye fomu za maabara kinaandikwa CK. Kazi yake iko ndani ya seli, kwenye damu kinatakiwa kiwepo kidogo tu, kwa watu wazima wengi chini ya takriban uniti 200 kwa lita japo kila maabara ina mpaka wake. Ukifanya zoezi ambalo mwili haujazoea, hasa yale ambayo msuli unarefuka huku umebeba mzigo, kama kuteremka mlima au kushusha chuma polepole, seli zinapata majeraha madogo na CK inavujia mtaroni. Na haipandi siku hiyohiyo ikaisha, inapanda taratibu mpaka siku ya pili ya tatu, wengine mpaka ya nne. Mtu aliyetoka kukimbia marathon anaweza kuwa na CK ya maelfu na akawa mzima kabisa. Isitoshe wanaume kwa wastani wanayo zaidi kuliko wanawake, na watu wenye asili ya Afrika wanayo zaidi kuliko wazungu hata wakiwa wamekaa tu, kwahiyo ile alama nyekundu kwenye fomu inaweza ikakuwakia wakati wewe uko kwenye kawaida yako.

Ila shemeji hakupimwa CK. Alipimwa AST na ALT, ambazo kila mtu anaziita vipimo vya ini, na hapo ndo mkanganyiko unapoanzia. AST imejaa kwenye misuli pia. ALT ipo kwenye misuli, kidogo zaidi. Vikivuja, mtaro haukwambii vimetoka nyumba gani. Kuna utafiti ulifanyika kwa wanaume wenye afya ambao hawakuwa wamezoea kunyanyua vyuma, wakanyanyua, na hivyo vimeng'enya vikabaki juu kwa angalau siku 7. Siku saba! Kinachosaidia kutofautisha ni kingine kinaitwa GGT, hicho kipo kwenye ini lakini misuli haikimwagi, kwahiyo AST juu, CK juu, GGT imetulia, alafu mtu anachechemea, ushajua nyumba gani ilikuwa inafua.

Nisieleweke vibaya, misuli inaweza kuumia kweli mpaka ikawa hatari. Kuna hali inaitwa rabdomayolisisi, seli za misuli zinapasuka kwa wingi mno na protini inaitwa mayoglobini inamwagika inaenda kuzidi uwezo wa figo. Dalili ambayo usiipuuze hata siku moja ni mkojo kuwa wa kahawia iliyokolea baada ya mazoezi makali, hasa kukiwa na joto na hujanywa maji ya kutosha. Hiyo haisubiri kesho, unaenda hospitali saa hiyohiyo.

Kabla sijafika kwenye uzee lazima nimalizane na asidi ya laktiki maana hii naisikia kila siku jimu. Mtu anaamka miguu inauma anasema "ni laktiki asidi hiyo, ikatoke". Hapana jamani. Ukiwa umetulia damu yako ina laktati, ndo hiyohiyo laktiki ilivyo kwenye damu, kama 1 hivi, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Ukipiga mbio za mita 400 kwa nguvu zako zote inaweza kupita 15, kwa wanariadha hata 20. Alafu ndani ya saa moja hivi imerudi ilipotoka, wakati maumivu yanakuja kesho yake na kufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Mtu aliyeondoka jana jioni utamlaumu vipi kwa kelele za leo usiku? Maumivu yale yanatokana na yale majeraha madogo na namna mwili unavyoyashughulikia. Na laktati yenyewe wala sio uchafu, ni kama mafuta ya gari, moyo unaichoma, ubongo unaichoma, misuli mingine inaichoma. George Brooks alileta wazo la kwamba laktati inasafirishwa toka seli moja kwenda nyingine kama chakula mwaka 1985, tunakaribia miaka arobaini na kitu sasa, na bado kwenye jimu tunaitukana.

Kingine ambacho huwa kinatisha watu ni troponini. Hii ni protini ya msuli wa moyo, madaktari wanaitumia kugundua shambulio la moyo. Wakipimwa watu waliomaliza marathon, wengi wao troponini imepanda, baadhi kuvuka kabisa mstari unaotumika hospitali, alafu siku moja mpaka tatu baadae imeshuka. Ndo maana daktari mzuri haangalii namba peke yake, anaangalia inapanda na kushuka vipi, anaangalia moyo kwenye mashine, na anakuuliza unajisikiaje. Ukiwa na maumivu ya kifua lakini usijifariji kwamba ni mazoezi, nenda.

Na upande wa pili kuna namba zinazoshuka. Wakimbiaji wa masafa marefu mara nyingi wanaambiwa damu imepungua. Mazoezi ya muda mrefu yanaongeza yale maji ya damu, plazima, kwa asilimia 10 mpaka 20 hivi, na seli nyekundu nazo zinaongezeka ila sio kwa kasi hiyo, kwahiyo ukipima himoglobini kwa kila desilita inaonekana ndogo wakati jumla ya himoglobini mwilini ni kubwa kuliko ya jirani yake anayekaa tu. Ni ndoo kubwa yenye chumvi nyingi lakini maji mengi zaidi. Japo wapo wakimbiaji, wanawake hasa, ambao madini ya chuma yameisha kweli, hao wanapimwa feritini, protini inayotunza chuma mwilini, ijulikane.

Haya. Sasa uzee.

Umri wa kalenda unaujua, ni miaka toka uzaliwe. Umri wa kibaolojia ni jaribio la kukadiria mwili umechakaa kiasi gani, kwa kuangalia viashiria alafu kuvilinganisha na vya watu wengi wa umri mbalimbali. Nasema jaribio makusudi, maana hakuna sehemu mwilini palipoandikwa umri huo kwamba ukaangalie uone kama kipimo kimepatia.

Moja ya vitu vinavyobadilika na umri ni mchochota, yaani ule moto wa kinga ya mwili unaowaka ukiumia au ukipata vijidudu. Kijana akijikata unawaka, unatengeneza, unazima. Kadiri miaka inavyoenda unakuta moto mdogo unabaki unafuka tu bila kidonda chochote. Mwitaliano Claudio Franceschi na wenzake waliipa hali hiyo jina la Kiingereza, inflammaging, mwaka 2000, na moto huo unaofuka unahusishwa na magonjwa ya moyo, kisukari, kupungua kwa misuli. Kwenye damu unaonekana kwa CRP, protini ambayo ini linaitoa mchochota ukiwaka, na kwa kitu kinaitwa IL-6, protini ambayo seli zinaitumia kupelekeana ujumbe.

Na hapa ndo mi huwa nafurahia hii mada, maana ukimpima IL-6 mtu aliyemaliza marathon muda huohuo unaweza kukuta imepanda hata mara 100. Mara mia! Kwa namba hiyo peke yake angekuwa mzee kuliko wazee wote waliowahi kupimwa. Lakini misuli inapofanya kazi inamwaga IL-6 yenyewe, kama ujumbe wa kuomba nishati kutoka sehemu nyingine, alafu baada ya masaa imeshuka, na nyuma yake zinakuja kemikali za kuzima moto. CRP nayo inapanda kesho yake, siku chache inatulia. Na watu wanaofanya mazoezi mara kwa mara, ukiwapima wakiwa wamepumzika, CRP yao kwa kawaida iko chini kuliko ya wasiofanya. Kitu kilekile, kikipanda ghafla na kurudi ni dalili ya mwili unaofanya kazi, kikikaa juu kidogo tu miaka nenda rudi ni dalili ya mwili unaochakaa. Kwahiyo swali la maana sio kimepanda mpaka wapi, ni kinarudi baada ya muda gani na kinarudi wapi.

Ukilishika hilo, vile vipimo vya umri wa kibaolojia unavisoma kwa jicho lingine. Kuna kimoja maarufu cha mwaka 2018 kilichotengenezwa na Morgan Levine na wenzake, kinachukua vipimo tisa vya kawaida vya damu pamoja na umri wako wa kalenda, alafu kinakupa namba. Ndani ya hivyo tisa kuna sukari, CRP, kreatinini, idadi ya seli nyeupe, na asilimia ya zile seli nyeupe zinazoitwa limfosaiti. Sasa fikiria mtu kaenda kupima asubuhi baada ya kukimbia masafa marefu jana yake. CRP imepanda, seli nyeupe zimepanda, limfosaiti zinaweza kuwa zimeshuka kwa asilimia, kreatinini juu, na zote hizo zinasukuma hesabu upande mmoja, wa uzee. Kikokotoo kinampa miaka ya bure. Wiki mbili baadae kapumzika anapima tena anashuka, alafu anaandika kwamba ni zile vidonge alivyonunua.

Kreatinini yenyewe ina hadithi yake. Ni taka inayotokana na misuli, figo zinaitoa, kwahiyo ikiwa juu tunahisi figo hazifanyi kazi. Ila mwenye misuli mikubwa anazalisha nyingi, anaonekana ana figo mbovu wakati hana. Na bibi mwembamba wa miaka 80 ambaye misuli imemwisha anazalisha kidogo, anaonekana yuko sawa wakati figo zake zimechoka. Huyu wa pili ndo ananisikitisha zaidi, maana hakuna mtu anayemtilia shaka. Kuna kipimo kingine, sistatini C, ambacho hakitegemei sana misuli, na daktari akiwa na wasiwasi anaweza kukiagiza.

Alafu kuna zile saa za epijenetiki, ndo zinazovuma zaidi. Kila seli yako ina kitabu kilekile cha vinasaba, lakini seli ya ngozi haisomi kurasa za seli ya ini, kuna kurasa zimebanwa na vibanio vidogo vya kemikali vinaitwa methili. Miaka inavyoenda vibanio vinaongezeka sehemu fulani na kupungua nyingine, kwa mpangilio unaotabirika kiasi cha kushangaza. Steve Horvath mwaka 2013 alichagua sehemu 353 za vinasaba akaonyesha kwamba ukizisoma unakadiria umri wa mtu kwa kukosea kama miaka 3.6 hivi, na sio kwenye damu tu, kwenye tishu nyingi tofauti. Zikaja saa nyingine zinazokadiria hatari ya kufa badala ya umri, na moja inayopima kasi ya kuzeeka, iliyojengwa kwa kuwafuatilia watu waliozaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1972 na 1973, kwa miongo kadhaa. Kazi nzuri sana, silidharau hata kidogo.

Tatizo linakuja zikiuzwa kwa mtu mmoja mmoja. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti ambapo sampuli ileile ya damu ilipimwa mara mbili, na baadhi ya saa maarufu zilitofautiana kwa miaka hadi 9 kati ya kipimo na kipimo. Mtu yuleyule, damu ileile, hajaamka hata kitini. Watafiti haohao walipendekeza namna ya kukokotoa inayopunguza hizo kelele, lakini kama hujui kipimo ulichonunua kinatumia njia ipi, ukishangilia kupungua miaka mitatu unashangilia mashine. Na mwaka 2023 wengine walionyesha kwamba hizo saa zinapanda mtu akiwa kwenye upasuaji mkubwa au ujauzito au kaumwa sana Covid, alafu zinarudi mwili ukipona. Tena habari ni ya kurudi.

Kuna kitu watu hawafikirii pia. Seli nyekundu za damu hazina vinasaba, zilivitupa zikiwa zinakomaa. Kwahiyo "umri wa damu" kwa saa hizi ni umri wa seli nyeupe, yaani askari wa kinga, na mchanganyiko wao unabadilika ukipata mafua tu. Telomea ni hivyohivyo. Zile ni ncha za kulinda kromosomu, yaani nyuzi zilizobeba vinasaba, zinazofupika seli inapogawanyika, na waliozifanyia kazi, Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak, walipata Nobel mwaka 2009. Ukweli. Lakini urefu wa telomea unatofautiana sana baina ya watu wa umri mmoja, mtu wa 30 anaweza kuwa na fupi kuliko wa 60, kwahiyo kumwambia mtu mmoja umri wake kwa hizo ni kama kukisia umri kwa urefu wa nywele.

Tishu zenyewe nazo hazizeeki pamoja. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalijaza hewani kaboni ya aina fulani, ikaingia kwenye miili ya watu, na wanasayansi wa Sweden wakaitumia kama muhuri wa tarehe kujua seli ilizaliwa lini. Wakakuta seli za mafuta zinabadilishwa kama asilimia 10 kwa mwaka. Seli za msuli wa moyo, kama asilimia 1 kwa mwaka ukiwa na miaka 25, na chini ya nusu ya asilimia ukiwa na 75. Yaani mtu wa miaka 50 ana moyo ambao sehemu kubwa ya seli zake za msuli alizaliwa nazo, katikati ya jicho ana protini za toka tumboni mwa mama yake, na mafuta kiunoni ya juzijuzi. Sasa niambie ana miaka mingapi.

Misuli ndo tishu ninayoipenda kwa sababu inasikia. Ukichukua kipande kwa sindano, njia ambayo Jonas Bergström aliifanya ya kawaida miaka ya 1960, unaona nyuzi za polepole na nyuzi za haraka, na uzee unazila hizi za haraka kwanza, ndo maana mzee anaweza kutembea safari ndefu lakini akijikwaa hawahi kujishika. Ila mwaka 1990 kundi la Maria Fiatarone lilichapisha habari za wazee kumi dhaifu wa kama miaka 90 walionyanyua vyuma kwa wiki 8, nguvu za miguu zikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Na upande wa pili kuna vijana watano wa Dallas mwaka 1966 waliolazwa kitandani wiki 3 tu kwa utafiti, miaka 30 baadae wakapimwa tena, na ikaonekana zile wiki tatu zilikuwa zimeshusha uwezo wao wa kutumia oksijeni kuliko miaka thelathini ya kuzeeka.

Hii biashara ya kuongezewa damu ya vijana nitaigusa tu. Ilitoka kwenye panya walioshonwa pamoja, mzee na kijana, damu ikawa inapita kwa wote wawili, na misuli ya mzee ikapona vizuri zaidi. Baadae, mwaka 2020, kundi la Irina na Michael Conboy ambao walikuwepo toka mwanzo wakaonyesha kwamba ukichanganya tu damu ya panya mzee na maji ya chumvi na albumini, protini ya kawaida ya damu, bila damu ya kijana yoyote, unapata mengi ya hayohayo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo Februari 2019 dhidi ya kliniki zilizokuwa zinauza plazima ya vijana, na Bryan Johnson, yule tajiri anayetaka asizeeke, alipewa plazima ya mwanae mwaka 2023 akaishia kusema hakuona faida.

Ukitaka kupima, basi kaa siku 7 mpaka 10 bila mazoezi makali, nenda asubuhi, maabara ileile kila mara, usiwe na mafua, na mwambie anayekuandikia vipimo kwamba unafanya mazoezi, maana asipojua atasoma mtaro kwa kubahatisha. Alafu linganisha majibu na yako ya nyuma kabla hujalinganisha na ya mtu wa kwenye simu.

Shemeji alirudi kupima baada ya siku kumi na mbili, safari hii nikamwambia aombe CK na GGT. AST na ALT zilikuwa zimerudi kwenye mstari, GGT haikuwa na shida, CK bado iko juu kidogo. Dada akamuuliza mbona hiyo moja haijashuka. Akakiri kwamba juzi alipita jimu, "kidogo tu".